Plasta Isiyo ya Mgongo

Siku ya kuniaga walinipa blanketi, seti ya sufuria na keki iliyoandikwa jina langu vibaya. Wauguzi wadogo wakaniomba niseme neno. Nikasema asanteni, nikakaa, maana watu walikuwa na njaa na hotuba zilikuwa zimeshakuwa nyingi. Sasa niko nyumbani, nje kidogo ya Kitale, na wanaonisikiliza ni kuku, ambao hawana swali hata moja la maana. Basi nawaandikia nyinyi mliobaki kazini. Vyeo sitavitaja, wala mshahara. Hayo mtayajua wenyewe na mtayalalamikia wenyewe. Nitaandika kuhusu chumba kimoja, mashine ya kupima presha, na mama mmoja wa Kiminini ambaye kesi yake ilinitesa kuliko zote.

Jina langu ni Nyambura. Baba yangu alitoka upande wa kati akanunua shamba Trans-Nzoia, kwa hiyo mimi nimezaliwa na kukua katikati ya mahindi. Miaka ya mwanzo ya kazi niliifanya kwingine na haina cha kusimulia. Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilihamishiwa zahanati moja upande wa Bungoma. Watu wa pale wanachanganya l na r, na sisi nyumbani kwetu l haikuwahi kufika kabisa, kwa hiyo tulielewana vizuri tu.

Aliyenipokea ni Sista Roda, mwenyeji wa huko, mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Alinionyesha chumba cha mwisho kwenye korido, mlango umeandikwa PRESHA kwa rangi nyekundu, akaniambia hicho ndicho changu. Nikafurahi. Presha ni kazi safi.

Asubuhi hiyo wanawake waliingia mmoja mmoja. Wote walisema wamekuja presha. Nikawapima kwa makini, nikawaambia iko sawa, mama, nenda nyumbani. Hawakwenda. Walikaa pale kwenye kiti wakiangalia sakafu. Mmoja nilimtoa karibu kwa kumsukuma, akarudi nyuma ya foleni, akaingia tena na kuniambia presha yake imepanda. Nikampima tena. Ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Wakati wa chai Roda akaniuliza, "Umedunga wangapi?"

"Kudunga nini?"

Aliweka kikombe chini, akacheka mpaka akafunika uso kwa aproni. Kisha akanieleza. Kwenye korido ile walikaa mama mkwe, shemeji, mke wa mchungaji na kwaya nzima. Ungeandika mlangoni "kupanga uzazi", hakuna mwanamke ambaye angekaa mbele ya mlango huo na habari zisifike nyumbani kabla yake. Lakini presha haina aibu. Kwa hiyo chumba cha kupanga uzazi kiliitwa presha, na wanawake wa eneo lile walikuwa na lugha yao. Akisema presha imepanda, anataka kuanza. Akisema imeshuka, anataka kuacha apate mtoto. Akisema presha haisikii dawa, funga mlango, maana njia anayotumia imeleta balaa nyumbani.

"Na kitu kimoja," Roda akasema, akiwa ameacha kucheka. "Usijifanye unapima. Pima. Kuna mwenye presha ya kweli, na huyo ukimpa hizi dawa bila kuangalia, utamuua na hutajua."

Mashine yake ilikuwa ile ya zebaki, sanduku la chuma lenye mfuniko. Hizi zenu za betri nazijua, zinapiga mlio na kuonyesha namba, na mkono wa mgonjwa ukitingishika zinaonyesha namba nyingine. Zebaki haikuwa na maneno mengi. Roda alinifundisha pia kuweka kalamu chini kabla ya kuuliza swali. Mgonjwa akiona unaandika anachagua maneno, na yale uliyokuwa unayataka ndiyo anayaacha.

Nilipohamishwa tena, safari hii kituo cha afya karibu na Matisi, hapa Kitale, nilikuja na desturi ile ya mlango. Msimamizi wetu alikuwa mwanamume mpole aliyependa amani, akaniacha. Ilifika mahali wakubwa wakatuma mtu kuuliza kwa nini wanawake wa Matisi wana presha namna hii, kama ni chumvi ama ni nini. Msimamizi akamwambia ni maisha. Yule mtu akakubali, akanywa chai, akaondoka.

Nasimiyu alikuja asubuhi ya mvua. Alikuwa mwembamba, hajafika thelathini, sweta limelowa mabegani. Alikaa na kusema, "Sista, presha yangu haisikii dawa." Hakuwa wa Matisi, alitoka Kiminini, lakini dada yake alikuwa ameolewa Bungoma, kwa hiyo lugha aliijua. Nikasimama nikafunga mlango.

Alikuwa na wasichana wawili. Uzazi wa tatu kizazi kilipasuka. Mtoto hakupona, na yeye alipona kwa sababu daktari wa hospitali kubwa alikuwa hajatoka zamu. Walimshona. Wakamwambia wazi kwamba akishika mimba nyingine kizazi kitapasuka tena, na mara hiyo hatatoka. Wangetaka kumfunga kizazi palepale, lakini siku hizo walitaka mume akubali kwanza, na mumewe, Wafula, alikuwa fundi wa ujenzi Nairobi, simu haishiki. Aliyekuwepo ni mama mkwe. Na mama mkwe alikataa.

"Baba ya Wafula alikufa mwaka huo," Nasimiyu akaniambia. "Hajapata mtu wa jina. Mama anasema anamuota. Ati mzee anasimama kwa mlango na kuuliza, mtu wangu yuko wapi?"

Kwao mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Mimi silicheki hilo, hata kwetu majina yana zamu yake. Lakini hapo nilimwona mwanamke ambaye nyumba nzima inamngojea ashike mimba, na mimba yenyewe ndiyo itakayomwua.

Sindano alikuwa amejaribu. Ilimtoa damu wiki baada ya wiki, mpaka mama mkwe akaanza kuuliza. Tembe alizificha kwenye debe la maharagwe, na mama mkwe akapika maharagwe. Zile za kuweka chini ya ngozi ya mkono tulikuwa hatuna, na aliyejua kuziweka alikuwa amehamishwa. Koili, ile ya kuwekwa ndani ya kizazi, daktari aliyemshona alisema asiwekewe.

"Mumeo je, ukimwambia?"

"Wafula si mtu mbaya, Sista. Lakini mama akisema kitu, yeye anaona kimeisha. Si unisaidie tu. Mimi sitaki kufa bana. Hawa watoto wangu watalelewa na nani?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, na nikasikia machozi yakinipanda mimi.

Plasta nilikuwa nimeisikia kwenye semina Eldoret. Semina nyingi ni chapati na usingizi, lakini siku hiyo nilikuwa macho. Ni kipande kidogo cha rangi ya ngozi, unakibandika kwenye mwili, dawa inaingia yenyewe. Unabadilisha kila wiki, wiki ya nne unapumzika. Serikalini haikuwepo. Ilipatikana kwa kuagiza kwenye duka kubwa la dawa, na duka halikuagiza bila daktari kuandika. Mimi ni muuguzi, kuandika dawa ile haikuwa kazi yangu. Kwa hiyo ilibidi tumtafute daktari.

Nikaanza na hospitali kubwa ya hapa, kwa daktari mdogo aliyekuwa ametoka chuo. Alinisikiliza huku akiandika mambo ya mtu mwingine. "Sista, hiyo haiko kwa orodha ya serikali," akasema. Nikamwambia najua, ndiyo maana nimemtafuta yeye. Akasema tena haiko kwa orodha.

Tukajaribu hospitali ya misheni. Sista wa pale, namaanisha mtawa, alimshika Nasimiyu mkono na kumfundisha kuhesabu siku kwa shanga. Alikuwa mwema sana. Lakini Wafula alikuja nyumbani siku ambazo mkandarasi alimruhusu, na shanga hazimjui mkandarasi.

Daktari wa tatu alikuwa na kliniki yake mjini, tai imenyooka. Alimwangalia Nasimiyu kwa kupitisha macho tu, akasema, "Mlete bwana. Mimi siingilii nyumba ya mtu." Nasimiyu alitoka pale akitembea mbio, na mimi nikabaki kumwambia daktari kwamba kuna nyumba atakayoiingilia siku ya mazishi. Hakufurahi. Nami sikuenda kwa ajili ya kumfurahisha.

Mwishowe nikampigia Roda simu. Akaniambia twende Bungoma kwa Daktari Namalwa, daktari wa akina mama, mzee kidogo, mkali. Kliniki yake ilikuwa ghorofani juu ya duka la mbolea. Nasimiyu aliaga nyumbani kwamba anaenda kupimwa presha, na safari hii hata mimi niliogopa kwa sababu ilikuwa mbali kupita presha ya kawaida.

Daktari Namalwa hakugusa kalamu. Aliuliza. Unavuta sigara? Mguu umewahi kufura wenyewe bila kuumia? Kichwa kinauma upande mmoja huku ukiona vimulimuli? Kwenu kuna mtu alipooza ama akafa ghafla akiwa kijana? Alipima presha mwenyewe, akapima tena mkono wa pili. Alimpima uzito. Nasimiyu alikuwa amechoka na maswali ya watu wasiomsaidia, akasema, "Daktari, si uandike tu."

"Nikiandika tu nitakuwa kama dukawallah anayeuzia kila mtu," daktari akasema. "Hii dawa inaweza kugandisha damu ya mtu ambaye haimfai. Wewe naona inakufaa. Lakini mguu ukifura, kifua kikibana, kichwa kikipasuka, unatoa na unakimbia hospitali. Na usimpe mtu. Hata dada yako. Umesikia?"

Hapo nawaomba nyinyi vijana msome polepole. Mgonjwa akikuuliza atamjuaje mtu wa kumwandikia dawa za namna hii, mwambie atafute yule anayemchosha kwa maswali. Anayekubali haraka na anayekataa haraka, wote hawajamwona.

Plasta zikaja. Mara ya kwanza nilimbandika mwenyewe, mgongoni juu, chini kidogo ya bega, kwa sababu tumboni alikuwa na kovu na hakupenda kuguswa pale. Siku ya kubadilisha tukachagua siku ya soko, kwa kuwa soko halisahauliki. Akauliza, "Na wakiiona?"

Wakati huo wachuuzi walikuwa wakiuza plasta za maumivu ya mgongo kila stendi na kila soko. Karibu kila mkulima wa mahindi alikuwa na moja. Nikamwambia, "Sema ni ya mgongo." Tulicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

Miezi ikapita kwa amani. Alinenepa kidogo. Kisha siku moja akaja bila kupanga, midomo imekauka.

"Sista, plasta zinapungua. Mtu anachukua."

Alikuwa anaziweka kwenye mfuko wa koti la zamani, chini ya sanduku. Wafula alikuwa amekuja nyumbani karibuni. Tukaona ni yeye, hakuna mwingine. Kilichomtisha Nasimiyu ni kwamba hakusema kitu. Alikula, akalala, akacheza na watoto, akarudi Nairobi. "Mwanaume akipiga kelele unajua uko wapi," akasema. "Akinyamaza, anaenda kuongea na nani?" Nikamwambia zile chache zilizobaki aniletee nizihifadhi mimi. Kila nilipoona mwanamume asiyefahamika kwenye korido wiki hiyo nilifikiri ni Wafula amekuja kunitafuta.

Hakuja Wafula. Alikuja mama yake.

Nilikuwa nimefungua dirisha nikasikia sauti ikiuliza chumba cha presha ni gani. Mlango ukafunguliwa akaingia mwanamke mzee, mkubwa, kitambaa kichwani, akijivuta kwa mguu mmoja. Nyuma yake alikuwa Nasimiyu, rangi imemtoka.

"Mimi ni Mama Tabitha, mama mukwe wa huyu," akasema, akikaa kabla ya kukaribishwa. "Kira wakati anakuja kwako presha. Musichana mudogo hivi! Na mimi ndiyo niko na presha ya ukweri. Sasa nimesema reo tunaenda wote."

Nikafunga kitambaa cha mashine mkononi mwake. Zebaki ilipanda, na nilipoanza kuiachia niliisikia inapiga juu kabisa, mahali ambapo sikutaka kuisikia. Presha ya ukweli alikuwa nayo. Nikashusha macho nikaona miguu yake. Mmoja ulikuwa kwenye kiatu cha plastiki. Mwingine haukuvaa kitu, ulikuwa umefura kutoka kifundo mpaka chini ya goti, ngozi inang'aa. Nikabonyeza shavu la mguu taratibu, akapiga ukelele.

"Umefura tangu lini, mama?"

"Juzi tu. Ni baridi."

"Na kifua?"

"Kinabana kidogo nikipanda kirima. Ni uzee, Sista."

"Unatumia dawa gani?"

"Mimi? Sina dawa. Dawa yangu ni prasta tu." Uso ukamng'aa. "Huyu musichana anaficha vitu vizuri. Nirimuona nayo kwa mugongo, nikaomba moja, ati zimeisha. Zimeisha! Nikatafuta mwenyewe. Sista, ni kari hiyo. Nimerima shamba mpaka kwa mutaro, na mwaka jana nirikuwa siwezi hata kuinama."

Akavuta sweta juu akageuka anionyeshe.

Zilikuwa mbili, moja kando ya nyingine, zimebandikwa vizuri kwenye kiuno. Niliogopa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Mwanamke mzee, mwenye presha ile, amevaa dozi ya watu wawili, mguu umefura na kifua kinabana. Kila alichotuonya Daktari Namalwa kilikuwa kimekaa mbele yangu kwenye kiti.

Nikamtazama Nasimiyu. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, macho yananiomba. Sikujua yananiomba niseme au ninyamaze, na sidhani yeye mwenyewe alijua.

"Mama, hizi nazitoa," nikasema. "Haziendani na presha. Halafu tunaenda hospitali kubwa saa hii."

Alishusha sweta. "Usiniguse! Hospitari ya nini? Nimekuja upime presha, umepima. Mahindi yangu iko nje na mvua inakuja. Naenda."

"Mama, damu imeganda kwa mguu. Ukitembea inaweza kupanda kwa mapafu. Utaanguka njiani."

"Prasta ya mugongo inagandisha damu?" Aliniangalia kama mtoto anayedanganya. "Soko nzima inavaa. Nani ameanguka?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake sikuwa na ruhusa ya kulitoa. Katika chumba kile nilikuwa na wagonjwa wawili. Siri ilikuwa ya mmoja na roho ilikuwa ya mwingine. Nikitamka, Nasimiyu anarudi kwenye nyumba ile akiwa ameumbuka, na plasta zimekwisha, na mimba inafuata, na Mungu ndiye anajua mwisho wake. Nikinyamaza, mama huyu anatoka nje kwa mguu ule. Nilimshika mkono na kumsihi. Akajinasua, akasimama, akapiga hatua kwenda mlangoni, na nikaona anauma meno kwa maumivu lakini hasimami. Nilifungua mdomo. Bado sijui ningesema nini.

"Mama, kaa chini."

Alikuwa Nasimiyu. Alikuwa ameegemea mlango, amezuia njia.

"Wewe unaniambia kaa?"

"Kaa chini, mama. Hiyo si ya mgongo. Ni yangu. Ni ya kuzuia mimba."

Huko nje mtu alikohoa kwenye benchi. Mama Tabitha alimgeukia mkwe wake.

"Ya kuzuia nini?"

"Mimba. Nimevaa tangu mwaka jana. Unipige baadaye, unifukuze baadaye. Sasa kaa chini Sista akutolee, utakufa."

Mzee yule alirudi kwenye kiti. Alinigeuzia mgongo, akainua sweta, akasema, "Toa." Nikazitoa, ya pili ikinishinda mara kadhaa kabla ya kubanduka.

Gari la kituo lilikuwa gereji, kama kawaida yake. Msimamizi wetu alitoa pikapu yake mwenyewe. Nasimiyu aliupakata mguu uliofura ili usigongwegongwe, na mama mkwe alitazama nje.

Hospitalini tukampata yuleyule daktari mdogo wa orodha. Aliuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Nikamvuta kando nimwambie kwa sauti ya chini, lakini Mama Tabitha alishaona.

"Mwambie kwa nguvu, Sista," akasema kutoka kitandani. "Mwambie mimi niko kwa famiri praningi."

Daktari hakucheka, na kwa hilo nampa sifa. Alimpima, akauliza maswali yote, mengine ambayo hata mimi nilikuwa nimeyasahau, akaanza sindano za kulainisha damu papo hapo. Akaniambia kwamba mama angecheleweshwa mpaka jioni, angekufa.

Kesho yake nilipita wodini baada ya kazi. Mguu ulikuwa umeinuliwa juu ya mito, kifua kimeachilia. Nasimiyu alikuwa amekaa kando na chupa ya uji. Ilionekana walikuwa hawajaongea tangu jana. Nilitaka kusalimia nitoke, lakini Mama Tabitha akanishika nguo.

"Wewe kaa. Mimi nauriza huyu mbele yako." Akamgeukia mkwe wake. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali?"

Mama mkwe alitazama dari.

"Singekubari," akasema. Kisha, "Nirikuwa huko siku hiyo. Daktari ariniambia kizazi kimepasuka, na kimeshonwa. Kimeshonwa! Kitu ikishonwa si imepona?"

Hapo ndipo nilipoelewa, baada ya muda wote ule, kwamba mama huyu hakuwa amemtakia mkwe wake kifo. Alisikia kimeshonwa, akaenda nyumbani akashukuru Mungu, akaanza kungojea mjukuu. Hakuna hata mmoja wetu wa nguo nyeupe aliyemwuliza ameelewa nini.

Nasimiyu aliweka chupa chini. "Mama, gunia likipasuka ukalishona, unaweza kulijaza mahindi tena ulishindilie kama la kwanza?"

Mama Tabitha alikuwa ameshona magunia maisha yake yote. Aliufuta uso kwa pembe ya shuka, akaufuta tena, na nikaona ni machozi.

Wafula aliingia wakati wa kuona wagonjwa, ametoka Nairobi moja kwa moja, viatu vina simiti. Alisimama miguuni mwa kitanda. Alikuwa kijana mrefu mwenye uso wa upole, na nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu.

"Mama, nini imekufanya hivi?"

"Nirivaa dawa ya mutu."

"Dawa ya nani?"

"Ya bibi yako."

Wafula akamtazama mkewe. Nasimiyu alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

"Bibi yangu ni mgonjwa? Dawa ya nini?"

"Ya kumuzuia asikufe," mama yake akasema. "Akibeba mimba ingine kizazi kitapasuka, tutamuzika. Mimi sikuwa nimeerewa, sasa nimeerewa. Na dawa yake nimeimariza mimi na huu mugongo wangu. Kwa hivyo utaenda na huyu Sista, umutafutie ingine."

Wafula alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Lakini mama," akasema polepole, "na mzee? Jina ya mzee?"

"Mzee ni bwana yangu, si yako," Mama Tabitha akasema. "Akija kwa ndoto, nitaongea naye mimi."

Nasimiyu aliachilia kile chuma. Wafula akavuta kiti, akakaa karibu na mkewe, kisha akanigeukia na kuniuliza daktari wa kuandika dawa hiyo tutampata wapi.